Vijana Wanne na Baiskeli Moja

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Wengi humu mkutanoni mmeumia kama mimi, kwa hiyo sitaona haya kusema.

Mie ni mchumaji wa karafuu, mzaliwa wa Mgogoni. Msimu mmoja tawi lilinikatikia juu ya mkarafuu, nikaanguka, nikavunjika nyonga. Nilipasuliwa, nikarudi nyumbani, nikaambiwa nifanye mazoezi ili nitembee tena. Sikuyafanya. Nililala nimeelekea ukutani. Rafiki yangu niliyesoma naye skuli alikuwa akija kunitazama, mimi namwambia mke wangu, "Mwambie nimelala." Sikutaka anione vile. Mwishowe akaacha kuja.

Asubuhi moja binti yangu akaingia na kompyuta yake. "Baba, njoo tutazame filamu."

"Filamu gani?"

"Ya vijana wa skuli, zamani za kaseti."

"Mtu mzima mie nitazame watoto?"

"Kidogo tu, baba. Ikikuchosha naizima."

Ndugu zangu, nawaambieni, haikunichosha! Hakuna bastola mle, hakuna jini. Ni vijana wanne na baiskeli moja mbovu. Wanagombana nani aipitishe mbele ya nyumba ya msichana fulani, na yule aliyeshinda ugomvi anapita kwa madaha, anaanguka mtaroni, msichana anamwona! Nilicheka mpaka nyonga ikaniuma. Mke wangu akatoka jikoni mbio akidhani nalia.

Aliyeitengeneza filamu ile anaujua ujana, Mungu ambariki. Hakuwadharau wale watoto. Kawaacha wakae tu, wanakula maembe mabichi kwa chumvi, wanasema upuuzi, nawe unaona wanavyopendana bila yeyote kulitamka neno hilo. Mwisho mmoja anahama na wazazi wake. Wenzake wanamsindikiza, wanamtania njia nzima, na gari likishaondoka ndipo wote wananyamaza. Hapo nililia kweli.

Nikamwambia mke wangu, "Mwite mwenzangu wa skuli. Nataka aione hii."

Alikuja siku ile ile, kana kwamba hakuna kilichotokea. Tukaitazama tena pamoja. "Huyo wa mtaroni ni wewe mtupu!" akasema, akicheka na kujifuta machozi. Ilipokwisha akanigeukia. "Haya, inuka bwana."

"Siwezi."

"Hujajaribu. Nishike begani."

Nikamshika. Miguu ilitetemeka, jasho likanitoka, lakini nilisimama.

Tangu hapo yeye ndiye aliyenipeleka mazoezini hospitali, Chake Chake, mpaka leo nimeingia humu kwa miguu yangu, na gongo moja la kutembelea. Mkarafuu sipandi tena, na hilo nimelikubali.

Namshukuru Mungu, na mke wangu aliyenivumilia, na binti yangu, na sahibu yangu yule pale nyuma anayejificha. Nanyi mnaouguza, nawaombeni jambo moja. Mgonjwa wenu msimuulize maumivu peke yake. Muulizeni pia nini kilimchekesha alipokuwa kijana, kisha kaeni, mumsikilize.