Afande Subiri na Risasi Iliyopita Ukutani

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka mkufunzi wa bunduki wa askari wa doria. Vijana wake walimwita Afande Subiri. Moyo wake umesimama wiki hii, akiwa nyumbani.

Binti yake ameniambia, "Baba alikuwa akiingia nyumba ya mtu, kabla hajaketi, anagonga ukuta kwa vidole. Tulikuwa tunaona haya. Mama ndiye aliyetueleza sababu."

Sababu ni hii. Akiwa askari kijana, alimfukuza jambazi uchochoroni. Alikuwa na bunduki ya kivita, aliyokabidhiwa bila mafunzo ya maana. Akafyatua. Risasi ikamkosa jambazi, ikapenya ukuta wa jiko, ikamuua mama aliyekuwa anaosha vyombo. Narudia, wasikilizaji: ilipenya ukuta.

Uchunguzi ulimwondolea lawama. Yeye hakujiondolea. Alikwenda kwa mume wa marehemu, fundi cherehani, akasimama mlangoni kofia mkononi. Fundi hakumfukuza. Alimwambia tu, "Uliyemlenga alikuwa anakimbia. Mke wangu alikuwa amesimama jikoni kwake." Akarudi kwenye cherehani.

Mjane wa Afande anasema maneno hayo yalihamia kwao. "Tunakula, tunacheka, mara kijiko kinasimama hewani. Najua yuko kule uchochoroni. Namwacha mpaka arudi."

Miaka ikapita, akawa mkufunzi. Wakubwa wakamwita kusaidia kuchagua bunduki mpya za doria. Moja ilipendwa na wote: nyepesi, inapiga mbali. Hakubishana. Aliwapeleka uwanja wa shabaha, akapanga ukuta wa matofali, nyuma yake akaweka beseni la vyombo. Akafyatua mara moja tu. Wakazunguka kutazama. Beseni lilikuwa limetoboka.

"Basi, Afande," mkubwa mmoja akasema. "Inatosha."

Wakachagua nyingine, ambayo risasi yake haipenyi sana. Hata hiyo alikataa igawiwe mpaka kila askari afuzu mbele yake. Ukiinua bunduki, unasikia sauti yake: "Subiri! Nyuma yake kuna nani?" Huna jibu? Shusha.

Mwanafunzi wake mmoja, askari wa kike, alikutana na jambazi sokoni. Alimlenga. Nyuma ya jambazi kulikuwa na saluni ya mbao. Akashusha. Jambazi akampiga risasi ya bega, akatokomea. Kituoni wengine wakamwita mwoga.

Afande Subiri alimfuata hospitali. "Saluni ilikuwa na watu wangapi?"

"Sijui, Afande."

"Mimi natoka huko sasa hivi. Walikuwa wanasuka. Bado wanasuka, binti yangu."

Mazikoni nilimwuliza askari huyo kama anajuta. Akanijibu: "Yule jambazi hajapatikana mpaka leo. Bega linaniuma kukiwa na baridi. Lakini nikifumba macho, hakuna mtu anayenitazama."

Mama na binti wa marehemu, poleni sana. Na wewe fundi cherehani, kama unatusikia, pole. Mkeo naye tunamkumbuka leo.

Wasikilizaji wapendwa, wapo watu tunaowapa silaha watulinde. Kabla hatujawalaumu, na kabla hatujawashangilia, tujiulize tuliwafundisha nini siku tuliyowakabidhi silaha hizo.