Kiu Aliyoichunga Papa Ferdinand Buingo

Ndugu, wakwe, majirani wa Katoyi, na ninyi mlioshuka kutoka vilima vya Masisi: tumekuja kumsindikiza mtu aliyecheka sana. Yeye mwenyewe alikataza wasifu wa kulialia. Alikataza pia wasifu wa uongo. Kwa hiyo nitakayowasomea hapa mimi mdogo wake, matamu na machungu, ni kweli.

Papa Ferdinand Buingo alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Lushebere, wilaya ya Masisi, mtoto wa tatu wa Papa Buingo na Mama Shida, wafugaji na wakulima. Mama yake alipenda kusimulia kwamba siku ya ubatizo kilio cha mtoto huyu kilimshinda padri, ikabidi kwaya iurudie wimbo toka mwanzo.

Alisoma shule ya msingi pale pale Lushebere, kisha sekondari Masisi, akapata diploma ya Serikali mwaka 1986, sehemu ya mifugo. Hakuwa wa kwanza darasani, wala hakujidai. Lakini hakuiba mtihani hata mara moja, jambo ambalo siku hizi inabidi tulitaje kama muujiza.

Baada ya shule alijifunza kutengeneza fromaji, yaani jibini, na kazi hiyo ndiyo iliyomlea yeye na sisi wengi. Aliamka na ng’ombe, akakoroga maziwa, akabana, akatia chumvi, akageuza yale magurudumu ya njano mbaoni siku baada ya siku. Aliionja chumvi ya kila pipa kwa ulimi wake, miaka zaidi ya thelathini. Hakuna mteja aliyeuziwa fromaji yenye maji ndani ili iongeze uzito. Wafanyabiashara waliopo hapa wanisikie.

Mwaka 1993 alikwenda Kalengera, barabara ya Rutshuru, kumposa binti wa Muzee Honoré. Alibeba gurudumu zima la fromaji kama zawadi. Lori likaharibika njiani, jua likafanya kazi yake, na zawadi ikafika ikinuka mpaka barabarani. Kalengera ni nchi ya maharagwe, fromaji hawakuwa wameizoea. Mama mkwe aliinama, akavuta hewa, akauliza kwa adabu yote:

“Mukwe, hii kitu ilikufa siku gani?”

“Mama, haiyakufa,” alijibu Ferdinand. “Ndio kwanza inaanza kuishi.”

Walicheka mpaka Muzee Honoré akamwita ndani. Tarehe 21 Agosti mwaka ule ule walifunga ndoa katika kanisa la Kalengera. Papa Ferdinand na Mama Perpétue walijaliwa watoto watatu: Landry, Bénita na Chance. Hatukuwahi kusikia kwamba aliinua mkono juu ya mke wake. Waume mliopo mnaweza kuliandika hilo.

Mwaka 2019 alipimwa akakutwa na presha ya juu. Hakuumwa popote, basi akaiona ni habari ya daktari, si yake. Hapo alikosea. Presha iliyala mafigo yake kimya kimya, na mwaka 2022 akaambiwa hayawezi tena kuisafisha damu vizuri. Mwaka 2023 vita vilipokaribia, familia ilishuka Goma, ikapanga nyumba mtaa wa Katoyi. Huko akaanza kwenda hospitali kila wiki kwa mashine ya kusafisha damu.

Sasa nitasema jambo ambalo halitawapendeza wote. Kwetu Masisi mgonjwa hatembelewi mikono mitupu, na tunaamini maziwa ya ng’ombe huinua hata aliyelala chini. Mgonjwa naye lazima aonje mbele ya mgeni, la sivyo amemkataa. Basi mlikuja. Mlileta maziwa mgando, fromaji, juisi, supu. Papa Ferdinand, mtu wa adabu, aliwaonjea wote. Jumapili moja ya Septemba mwaka ule, baada ya misa, walipita wageni wengi, na jioni ile miguu ilikuwa imevimba kama mito ya kulalia. Hakuweza kulala chali. Alikaa wima kitini, akiitafuta hewa kwa mdomo, na Mama Perpétue akimpepea kwa kitambaa chake.

Hospitalini walimtoa maji kwa mashine, kisha Daktari Florent akaupiga moyo wake picha. Alikuta umetanuka na umechoka, unasukuma damu kwa nguvu ndogo sana. Daktari ni mtoto wa vilima vyetu, akamweleza kwa lugha ya kwetu, kwa mfano wa ngobi, machela yetu ya vilimani:

“Papa, mafigo yako haiweze tena kutoa maji. Yote inabakia mu damu, na moyo ndio inaibeba. Ulionaka watu wane wanabeba mugonjwa mu ngobi? Wawili wakiacha, wenye kubakia wanabeba mupaka magoti inatetemeka. Moyo yako iko vile.”

Papa Ferdinand hakuuliza kama atakufa. Gradi, kijana wa mtaa wa Lac Vert, alikuwa tayari amemposa Bénita, na familia zilikuwa zinaandaa mahari.

“Docta, nitafika kwa dot ya mutoto wangu?”

“Ukichunga maji na chumvi, na usikose mashine, moyo inaweza kupata nguvu. Ukikunywa ya kila mugeni, haufike.”

Alirudi nyumbani akasimama mlangoni akatoa sheria: mgeni alete habari na kicheko, maziwa yaende kwa watoto wa wakimbizi. Binamu yetu Carlos aliyekuja na bidoni yake ya maziwa alinuna.

“Ferdinand, umekuwa Muzungu?”

“Muzungu anakunywaka, Carlos. Mimi ndio sikunywake.”

Carlos alikaa siku nyingi bila kuja. Aliporudi, alikuja na mafumbo ya ng’ombe wa utoto wao, na walicheka wote wawili mpaka Mama Perpétue akatoka jikoni kuwaonya. Tusidanganyane, ndugu. Kumnywesha mgonjwa kilichokatazwa si upendo, ni kujipendeza sisi wenyewe.

Mwezi wa Mei 2024 daktari alipiga picha nyingine. Akaitazama, akaitazama tena, akatabasamu.

“Papa, moyo yako imerudia ku kazi.”

“Basi muambie, isiombe tena likizo!”

Lilibaki jambo moja. Wote mnajua desturi: siku ya mahari, baba wa binti hupewa kikombe cha pombe ya mtama na wakwe, naye hukimaliza mbele yao. Akikiacha, amekataa ukwe. Familia ilipanga hila: Landry asimame nyuma, apokee kikombe kwa siri, anywe yeye. Papa Ferdinand alikataa. “Sianze ukwe na bongo,” alisema, yaani kwa uongo. Akaenda kumwomba daktari ruhusa, wakakubaliana kipimo.

Jumamosi tarehe 15 Juni 2024, ua wetu Katoyi ulijaa. Muzee Janvier, baba mdogo wa Gradi, alimpa kikombe. Papa Ferdinand alisimama bila fimbo, midomo imekauka.

“Bakwe,” alisema, “niko mugonjwa wa mafigo, na moyo yangu ilichoka. Kwa siku nzima wananipatia maji ya kikombe moja tu. Tangu asubuhi sijakunywa hata tone. Ya leo yote niliwawekea nyinyi.”

Akanywa, polepole, mpaka chini, akakipindua kikombe.

Muzee Janvier akasema: “Mutu mwenye kuchunga kiu juu yetu, atatunyima nini? Pigeni ngoma!”

Vigelegele vilisikika mpaka barabara kubwa. Papa Ferdinand alicheza hatua chache na Bénita, akakaa, akacheza tena akiwa amekaa, kwa mabega. Aliuzunguka mji wiki nzima akijisifu. Hatukumkemea.

Harusi ilifanyika Agosti. Septemba 2025 Bénita alijifungua msichana, na babu yake alimpakata kila alipotoka kwenye mashine. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, akiwa mezani na Mama Perpétue, yeye mwenyewe akisimulia jambo la kuchekesha, mapigo ya moyo wake yalivurugika ghafla, naye akaondoka kabla hajaimaliza hadithi. Alikuwa na miaka 59. Daktari alituambia kwamba kwa wagonjwa wa mafigo moyo huweza kusimama hivyo, hata ukiwa umepata nafuu. Watu wa damu yetu, presha ni urithi wetu. Mkapimwe wiki hii, si baada ya arobaini.

Ameacha mjane, Mama Perpétue. Watoto Landry, Bénita na Chance. Mkwe wake Gradi. Mdogo wake Clotilde, anayewasomea haya. Na mjukuu mmoja, Shida, wa wiki saba, ambaye babu yake aliambiwa huenda asifike hata kwenye mahari ya mama yake, naye akafika mpaka kumbeba.

Moyo wake umefanya kazi yake yote. Mungu aupumzishe kwa amani.