Symphorien Kalumba, mwimbaji wa rock wa Manika (1961–2024)

Tata na mama wote mliofika, mimi ni Adolphine. Marehemu alikuwa yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa nyumba yetu, nami ni wa mwisho. Familia imeniomba niwasomee maisha yake.

Tata Symphorien Kalumba alizaliwa hapa Kolwezi tarehe 9 Agosti 1961. Wazazi wetu walitoka Kabongo, kaskazini mwa Katanga, baba akitafuta kazi ya migodi.

Alisoma katika mtaa wetu wa Manika, akapata diploma ya umeme mwaka 1980. Kwaya ya kanisa ilimtoa akiwa na miaka kumi na miwili, kwa sababu sauti yake ilifunika wenzake wote. Kiongozi alimwambia, "Mutoto, Mungu haiko kiziwi." Yeye mwenyewe alikisimulia kisa hicho mara nyingi, akicheka.

Kwa miaka thelathini alikuwa fundi umeme katika karakana ya kiwanda cha shaba. Lakini mlimfahamu kwa muziki. Mwaka 1984 alianzisha orkesta Tonnerre pamoja na Ntambwe wa gitaa la solo, Kankolongo wa ngoma na Kabasele wa besi. Mji mzima ulitaka rumba. Wao walipiga rock, kwa Kiswahili chetu, na Jumapili alasiri ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama madirishani. Alipenda jukwaa kuliko kurekodi. Alisema, "Ku studio unaweza kurudilia. Mbele ya batu, ukikosa, unaendelea na kosa yako, na bo banakuangalia."

Tarehe 2 Mei 1987 alimwoa Elise Tshibola, binti wa familia iliyotoka mkoa wa Kasai, aliyezaliwa hapahapa Kolwezi. Mwaka 1989 walimpata Darlène, mtoto wao wa pekee.

Mwaka 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kutoka Katanga. Elise na mtoto, pamoja na wale wanamuziki watatu, wote wa Kasai, walipanda treni moja ya kwenda Kasai. Pale stesheni Elise alimwuliza, "Unakuya lini?" Akajibu, "Kisha mwezi moja." Hakwenda. Baba alikuwa mgonjwa, akamkataza. Nami nilimwambia abaki. Nilimwambia kule Kasai hawatampokea, kwa kuwa yeye ni mtu wa Katanga. Nayasema haya leo kwa sababu yeye hakuwahi kunilaumu. Elise alimngoja huko Kasai, mjini Mwene-Ditu, akafa kwa malaria mwaka 1996. Barua ya habari hiyo ilitufikia baada ya mazishi. Yaya hakuoa tena.

Tangu hapo aliimba peke yake, akijipigia gitaa. Kila alipofika mahali pa solo ya Ntambwe, aliondoa mikono kwenye nyuzi, akasimama kimya mpaka muda wa solo uishe, ndipo akaendelea kuimba. Watu walidhani amesahau, wengine walimzomea. Nilimwuliza kwa nini hatafuti mpiga gitaa mwingine wa kujaza nafasi hiyo. Alinijibu, "Ile fasi iko na mwenyewe."

Alasiri moja ya Novemba 2014, katika ukumbi wa parokia, aliingia msikilizaji mmoja tu, mama mwuza mandazi aliyekimbia mvua. Yaya alimsalimu kama mtu asalimuvyo umati, akaimba nyimbo zote kumi na nne, akainama. Kisha akamwomba radhi kwa kumchelewesha. Yule mama akasema, "Tata, mvua ilikatika ku wimbo ya tatu." Siku hiyo alirudi nyumbani akitembea kama kijana.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2021. Kufikia mwaka jana hakuweza kumaliza mstari mmoja bila kukohoa, akaliweka gitaa chini. Tarehe 12 Februari 2024 alilazwa hospitalini, nasi tukampigia Darlène simu. Alifika baada ya siku nne za safari. Walikuwa hawajaonana kwa miaka thelathini na mmoja.

Yaya alimtazama sana, kisha akauliza, "Mama yako alinisamehe?"

Darlène akamjibu, "Sijue, papa. Hakusema. Mi njo nimekuya."

Alibaki naye siku kumi na nane, akimwogesha na kumlisha uji. Tarehe 6 Machi, saa tisa alasiri, alifariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Kankolongo na Kabasele walimtangulia. Ntambwe yuko Mbuji-Mayi. Ni mgonjwa, hakuweza kusafiri. Ametuma neno moja: "Mumwambie niko."

Ameacha wadogo zake watatu, wajukuu wawili aliowasikia kwa simu tu, na Darlène. Amekaa pale mbele, mwenye kitambaa cheupe. Tangu jana wengi mmeniuliza yule mgeni ni nani. Si mgeni. Ni mtoto wa nyumba hii, na amefika kwao.

Bwana amlaze yaya wetu mahali pa amani.