Bi Mlango, Aliyekataa Kubebwa

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Mlango, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kitindamimba wa fundi cherehani na mkunga. Polio ilimnyang'anya miguu angali mdogo, ila ulimi ikamwachia.

Darasa lake lilikuwa ghorofani, hivyo mama yake alimpandisha mgongoni mpaka akamaliza shule. Alimshukuru mama, lakini kubebwa hakukuzoea. Alihitimu sheria mwaka 1986.

Jina la utani alilipata kazini, katika shirikisho la kimataifa la watu wenye ulemavu, aliloliongoza kwa miaka kumi na miwili. Hakukubali mwaliko kabla ya kuuliza kama mlango una upana wa kupitisha kiti chake cha magurudumu. Mwaka 2004, ugenini, alihakikishiwa kwamba kila kitu kiko sawa. Kufika, jukwaa lina ngazi. Walinzi wakamnyanyua juujuu bila kumuuliza, na ukumbi ukapiga makofi. Akashika maikrofoni, akasema, "Nirudisheni chini. Nitahutubia nikiwa huko." Tangu hapo aliapa kwamba habebwi tena.

Mwaka 1990 aliolewa na mpiga chapa, mtu wa mizaha, ambaye mpaka leo anadai kwamba kilichopendwa ni mlango mpana wa karakana yake.

Mwaka jana lifti ya jengo lao iliharibika, nao wanakaa ghorofa ya tano. Mwenye jengo akawa mtu wa wiki ijayo, wiki ijayo. Marehemu aliongoza mikutano ya mabara mengine kwa simu, na duka lililo chini ya nyumba yake hakuliona tena. Alisema waziwazi kwamba amefungwa bila kosa. Figo zilipoanza kumsumbua, daktari alitaka alazwe. Mumewe alipiga magoti.

"Mama watoto, nakuomba. Leo tu."

"Nikibebwa leo, lifti hii haitatengenezwa. Bibi wa ghorofa ya saba naye amekwama. Nani atamdaia haki yake?"

Familia ilimkasirikia, na haina haja ya kuficha. Alifariki tarehe 2 Juni, mchana, chumbani humo.

Leo asubuhi wapwa zake wameshusha jeneza kwa ngazi. Mumewe alitangulia, na kila kona alisimama kumwomba radhi.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, na bibi wa ghorofa ya saba, ambaye hayupo nasi hapa kwa sababu hakuweza kushuka.

Mola ampe pumziko jema.