Shafti Mbili kwenye Gunia

Basi la Bomet lilipotoka Kericho, Cheptoo, aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka chuoni, alijifanya anasoma. Masikio yake yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele, ambako Mzee Kipngeno alikuwa amepakata shafti mbili, vyuma virefu vya injini, ndani ya gunia kama mtu aliyebeba mapacha. Injini ya pikapu yake ilikuwa imefunguliwa, na fundi wa gereji alikuwa ameifunga tena bila shafti hizo, akakataa kuzirudisha.

“Hizo kazi yake ni kutuliza injini isitetemeke,” alisema Owiti, fundi wa kiwanda cha chai aliyeketi kando yake. “Wacha zikae nje, mzee. Mkanda wake ukikatika, unaingia kwa mkanda mkubwa, injini inakufa mlimani.”

“Lakini zikiwa ndani, nikiwasha gari niweke kikombe cha chai kwa boneti, haimwagiki! Mama watoto alivunjika nyonga. Nampeleka kliniki na hiyo pikapu. Imtikise?”

“Na ikizima njiani akiwa ndani?”

Mzee alilivuta gunia karibu na kifua. Cheptoo, asiyejua shafti wala mkanda, alijikuta akiiombea injini. Hakuwa amewahi kusikia wanaume wakibishana kwa upole hivyo juu ya maumivu ya mwanamke asiyekuwepo.

Basi liliposimama Mogogosiek, Mzee aliinuka ashuke kwao. Owiti, mwenye tiketi ya kufika Bomet, aliinuka pia, akashika upande mmoja wa gunia.

“Sijasema tuzirudishe,” alisema. “Nataka tu kuona mama anakaaje kwa hiyo gari.”

“Kuja basi, mbishi wewe. Chai iko, ila leo utakunywa kwa meza.”