Neelavva na Maji Yaliyofika Mlangoni Kwetu

Mheshimiwa Spika wa Bunge la jimbo letu. Mtukufu Swami, kiongozi wetu wa dini, uliyekubali kuacha utulivu wa makao yako uje kukaa nasi kwenye kiti cha plastiki. Bwana Mkuu wa Wilaya. Waheshimiwa wabunge wa pande zote mbili, ambao leo mmekaa safu moja bila kurushiana maneno. Ndugu wageni waalikwa kutoka vijiji vya juu na vya chini ya bwawa. Wazee wa Yarekoppa. Akina mama wenzangu mlioamka alfajiri kukanda unga wa mtama. Na wewe mwenyewe, Mheshimiwa Neelavva Tegginamani, ambaye kuanzia sasa hadi nitakaposhuka jukwaani sitakuita Mheshimiwa hata kidogo.

Mimi naitwa Gauravva. Wengi wenu niliwafundisha kusoma, na baadhi yenu niliwavuta masikio. Lakini leo sikusimama hapa kama mwalimu mkuu mstaafu. Nimesimama kama wifi. Marehemu Irappa, mume wa huyu mama tunayemuaga kwenye siasa, alikuwa kaka yangu wa tumbo moja, na wifi ana ruhusa ya kusema mambo ambayo Spika mwenyewe angeyafuta kwenye kumbukumbu za Bunge.

Neelavva aliletwa nyumbani kwetu akiwa bibi harusi mwembamba, mpole wa sura, mkali wa macho. Mama yangu alimtazama akasema, "Huyu hataweza hata kuinua mtungi." Mtungi aliuinua. Lakini alichokuja nacho ambacho hatukukitegemea ni kusoma. Baba yetu, mzee Adiveppa, macho yalikuwa yameanza kumwacha, na kila gazeti lilipofika kutoka mjini alikuwa analipapasa tu na kulikunja. Siku moja Neelavva, akiwa nyuma ya mlango, ncha ya sari imefunika uso kama ilivyompasa mkwe, akasema, "Baba, nikusomee?" Baba akalisukuma gazeti kuelekea mlangoni. Kisha akasema, "Soma. Lakini usisome kwa sauti ya kuwafikia majirani."

Basi ikawa hivyo kila siku. Alisoma, halafu baba akauliza maana yake nini, naye akaeleza. Jioni baba akienda kukaa na wazee wenzake mbele ya hekalu, akawa anatoa maoni mazito juu ya bei ya pamba na sheria ya mashamba, watu wanatikisa vichwa: Adiveppa uzeeni amekuwa na akili! Nyumbani sisi wanawake tulikuwa tunacheka hadi tunashika mbavu.

Alipoingia kwenye siasa, msidhani kuna mtu aliyemwita kwa heshima. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru, wanaume wawili wa chama walikuwa wanagombania kiti chetu, na hakuna aliyekubali mwenzake akipate. Wakatafuta mtu wa katikati ambaye hatamsumbua yeyote. Mmoja akasema, "Tumweke mkwe wa Adiveppa. Mwanamke. Atakaa, atanyamaza." Ndugu zangu, nawaulizeni: katika historia yote ya wilaya hii, kuna hesabu iliyowahi kukosewa kuliko hiyo?

Mkutano wake wa kwanza ulikuwa sokoni, siku ya mnada wa ng'ombe. Alipanda juu ya mkokoteni. Kabla hajafungua kinywa, mwanamume mmoja akapaza sauti, "Mama, nenda nyumbani ukapike!" Watu wakaangua kicheko. Neelavva akangoja kicheko kiishe, akamtazama yule bwana, akamjibu taratibu: "Kaka, nimeshapika. Nimeshakamua nyati zizini, nimeshafua, na mkwe wangu ameshakula. Wewe leo umefanya nini?" Mke wa yule bwana alikuwa pale pale anauza vitunguu. Akajibu yeye: "Hajafanya kitu!" Nadhani kura zetu zilipatikana siku hiyo.

Akawa mwanamke wa kwanza kutoka wilaya hii kuingia Bungeni. Siku ya kwanza, yeye na kaka yangu wakafika mlangoni, na bawabu, mtu mwenye adabu zake, akamwelekeza Neelavva ngazi za juu. "Roshani ya wake wa waheshimiwa ni huko, mama." Akamkaribisha kaka yangu aingie ukumbini. Irappa, ambaye maisha yake yote hakupenda kusema panapotosha kutabasamu, akasema, "Ndugu yangu, wa juu ni mimi." Akapanda, akakaa katikati ya wake za wabunge, wakampa tambuu, wakamuuliza mke wake anapenda rangi gani ya sari. Walimcheka sana nyumbani kwa jambo hilo. Walimwita Bibi Mbunge. Hakujali. Tangu siku hiyo hadi mauti yake, sikumsikia kaka yangu akisema neno moja la kumvuta mkewe nyuma, nami nataka jina lake litajwe hapa, kwa sababu wanaume kama yeye hawajengewi sanamu.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo baadhi yenu mmelingoja, na wengine mngependa nilipite kimya kimya. Bwawa.

Vijana hamkuiona ile miaka. Mvua zilikuwa zimegoma. Huko chini, udongo mweusi ulipasuka nyufa za kumeza mguu wa ndama. Watu walikuwa wanauza mafahali wao kwa machozi, wanahamia mjini kubeba matofali. Neelavva alikuwa ameteuliwa kuwa Waziri wa Maji, mwanamke wa kwanza kupewa wizara hiyo hapa kwetu, na wataalamu wakamwekea ramani mezani: mto wetu ukizuiwa penye bonde, vijiji vya chini vyote vitapata maji mwaka mzima. Lakini bonde lenyewe litajaa. Na katikati ya bonde hilo ilikuwapo Yarekoppa. Ndani ya Yarekoppa ilikuwapo nyumba yetu.

Hakututumia mtu. Alikuja mwenyewe, mchana, akavua viatu, akagusa miguu ya baba, akaketi chini. "Baba," akasema, "kijiji kitazama."

"Nani amesema?"

"Mimi. Nimetia saini."

Niliyejibu ni mimi, maana ulimi wangu mnaujua. Nikamwambia, "Tulikupokea mlangoni kwa taa na mchele, na wewe unatulipa kwa maji? Makaburi ya babu zetu unayapeleka wapi?" Sisi hatuchomi wafu wetu, tunawalaza ardhini, na ardhi hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaambiwa itakuwa ziwa.

Akasema, "Gauravva, ninawaahidi kitu kimoja. Tone la maji halitafika kwenye mlango wa mtu kabla mtu huyo hajapata nyumba na shamba lenye maji."

Nikamwambia, "Ahadi za mawaziri ni karatasi za kufungia karanga." Tangu siku hiyo sikuongea naye. Alipokuja nyumbani nilimpa maji ya kunywa kupitia mkono wa mtu mwingine. Naye kila alipokuja alinisalimia vile vile, kana kwamba nimemjibu.

Bwawa likajengwa. Ulipofika wakati wa kulizindua, tulikwenda kuona makazi mapya tuliyoandaliwa. Hapa hapa tulipokaa leo. Jamani, palikuwa na mawe! Nyumba hazina paa, kisima kimoja na chenyewe kikavu, mfereji umechorwa kwenye karatasi tu. Lakini mvua zilikuwa zinakaribia, wakubwa wameshaalikwa kwenye sherehe, na serikali ya wakati ule ikataka milango ya bwawa ifungwe ili maji yaanze kujaa.

Neelavva alikataa ndani ya baraza la mawaziri. Mwenzake mmoja akamwambia, kwa upole ule unaouma kuliko tusi, "Mama, tunaelewa. Ni nyumba ya wakwe zako. Lakini uongozi hautaki machozi." Akamjibu, "Umeniona nikilia? Nilitia saini ya kuizamisha. Sikutia saini ya kuwazamisha watu." Aliandika barua ya kujiuzulu pale pale, akaacha gari la serikali uani, akapanda basi.

Alifika kwetu saa ya chakula, vumbi hadi kwenye nyusi. Akasimama mlangoni. "Wifi, nitapata pa kulala?"

Hapo ndipo nilipovunja kimya changu. Nikamwambia, "Nyumba umeizamisha mwenyewe. Chagua chumba."

Akacheka. Mimi pia nikacheka, nikajichukia kwa kucheka, halafu nikamkatia mkate.

Milango ilifungwa. Maji hayakuja kwa kishindo kama mnavyodhani. Yalikuja kama ng'ombe anayerudi nyumbani, taratibu, yakipita kwenye mashamba ya pamba, yakizunguka hekalu, nyoka na panya wakikimbia mbele yake. Wanawake wa kijiji wakakusanyika barazani kwetu kwa sababu nyumba yetu ilikuwa ya chini kuliko zote. Neelavva akakaa kwenye kizingiti. Ikaja mashua ya serikali, afisa amesimama na kipaza sauti, anatetemeka kuliko sisi. "Mheshimiwa, tafadhali panda!"

"Mimi si Mheshimiwa tena," akamwambia. "Ni mkwe wa nyumba hii. Muulize mwenye nyumba."

Afisa akamgeukia baba. Na baba yangu, ambaye tangu siku ya ile saini hakuwa amemwambia Neelavva zaidi ya maneno ya lazima, akasema, "Huyu ndiye anayenisomea. Nikiondoka yeye akibaki, nani atanieleza mmeandika nini kunihusu?"

Maji yakafika kwenye zizi. Yakalamba ngazi ya kwanza. Bibi mmoja, Paravva, aliendelea kusaga mtama huku mawe ya kusagia yakiloa, akisema kama ni kufa atakufa ameshiba. Niliogopa, sitawadanganya. Nilimshika Neelavva mkono nikauhisi ni baridi, nikajua kuwa naye anaogopa.

Lakini mwandishi wa gazeti alikuwa amefika na kamera. Picha ya waziri wa jana ameketi kizingitini, maji miguuni, ikaenea nchi nzima. Bungeni, wapinzani wake wakubwa, na mmoja wao yupo hapa anajifanya kutazama dari, walisimama wakakataa kuketi. Amri ikatoka. Milango ikafunguliwa, na maji yakarudi nyuma yakituachia matope na samaki barazani.

Serikali ikajenga paa. Ikachimba visima. Ikaleta mfereji hadi hapa kwanza, kabla ya kwingine kokote. Na ilipokamilika, tulihama. Tuling'oa milango na nguzo za nyumba zetu, tukazipakia kwenye mikokoteni, tukaacha kuta. Nasema haya ili asije mtu akawaambia kwamba Neelavva aliokoa Yarekoppa. Hakuiokoa. Iko chini ya maji. Zipo familia ambazo hazijamsamehe, wamo humu ndani, na wana haki yao.

Siku ya kuhama alinivuta pembeni. "Nisindikize shambani," akasema. Tukaenda hadi penye mkwaju. Pale, kabla hajawa mbunge, kabla hajawa chochote, alimlaza mtoto wake wa kwanza, msichana aliyeishi muda mfupi hata hakupewa jina. Sote nyumbani tulilijua lile kaburi. Mimi nilipomtupia makaburi ya babu zetu usoni, yeye alikuwa ameshatia saini akiujua mkwaju ule uko wapi kwenye ramani. Na hakunikumbusha. Miaka yote ile, hakunikumbusha. Aliinama, akaweka kiganja juu ya udongo, akakiacha pale muda. Kisha akasema, "Twende, mikokoteni inangoja."

Uchaguzi uliofuata alishindwa vibaya. Wa chini walimkasirikia kwa kuwacheleweshea maji, wa juu kwa kuwaletea maji. Alirudi akachunga nyati na kusoma magazeti. Uchaguzi wa baadaye, watu wa chini, ambao sasa miwa yao imewapita kimo, walikuja wenyewe kumwomba agombee. Mengine mnayajua: shule, hospitali ya akina mama, sheria ya kuhamisha watu ambayo sasa inazuia serikali yoyote kufunga milango ya bwawa kabla ya kufungua milango ya nyumba.

Ndugu zangu, namalizia. Kiangazi hiki maji yalipungua kuliko kawaida, na kuta za Yarekoppa ya zamani zikatokeza. Tulikwenda, vikongwe wawili, tumeshikana mikono kwenye matope makavu. Mkwaju haupo, umebaki mzizi. Wakulima wa ng'ambo walikuwa wananywesha mafahali wao, wakamtambua, wakaja kumgusa miguu. Walipoondoka akaniuliza, "Gauravva, niambie kweli. Ungekuwa wewe, ungetia saini?"

Nilimwambia jua ni kali, turudi.

Wifi, leo nina kipaza sauti na mashahidi, kwa hiyo nakujibu. Nisingetia. Ningelikumbatia lile kaburi, na nyumba, na mlango, na wilaya hii ingekufa kiu huku mimi nikisifiwa kwa mapenzi ya kwetu. Na kama ningetia, basi nisingerudi kukaa kwenye kile kizingiti. Kuna wanaoweza la kwanza, na wapo wanaoweza la pili. Wewe uliyaweza yote mawili, na yote mawili yalikuuma, na ndiyo maana tulikuchagua wewe, si mimi.

Nawashukuru nyote mlionivumilia hadi hapa. Sasa naomba tusimame, pamoja na wale ambao hawajamsamehe, kama wanapenda. Tumsindikize huyu mama nyumbani.