Mama Ngazi Anashuka

Ijumaa hii, tarehe thelathini ya mwezi wa sita, mkaguzi mkuu wa nyumba wa kampuni yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Cheti chake kina jina kamili, na ndilo litakalosomwa jukwaani. Hapa kwenye jarida letu tutamwita kama tunavyomwita kwenye korido: Mama Ngazi. Atakayemwulizia kwa jina la cheti ataambiwa hatumjui mtu huyo.

Alikuja kwetu akiwa fundi mpaka rangi. Kila nyumba ilipokaribia kuuzwa aliitwa azing'arishe kuta, wateja wapendezwe. Baada ya muda akaanza kuuliza maswali ambayo mpaka rangi hatakiwi kuyauliza: mbona kila mwaka anaitwa kupaka kona ileile? Meneja wa wakati huo, badala ya kutafuta mpaka rangi mpole zaidi, alimpeleka akasomee ukaguzi. Hatujui kama ilikuwa hekima au alitaka tu kupumzisha masikio. Vyovyote vile, tunamshukuru.

Watu hudhani mkaguzi anakagua nyumba. Mama Ngazi alianza na mwenye nyumba. Fomu ya muuzaji aliijaza kama sisi sote, maana sheria ni sheria, lakini kabla kalamu haijatoka mfukoni aliuliza swali moja: nyumba hii inakusumbua wapi? Halafu akasubiri jibu. Mwenye nyumba akisema haimsumbui popote, ni kama mpya, aliinamisha kichwa kwa heshima, akatoka nje, akaegemeza ngazi ukutani na kupanda kukagua paa.

Hapo ndipo jina lilipozaliwa. Kukagua paa si kazi ya muda mrefu, lakini yeye aliweza kukaa huko juu hadi chai ipoe. Alitazama vigae, akatazama mfereji wa maji ya mvua, akatazama mawingu. Chini, mwenye nyumba alibaki na birika na dhamiri yake. Mama Ngazi aliamini kwamba watu wengi si waongo, wana haraka tu, na mtu mwenye haraka anastahili nafasi ya kusema mwenyewe kabla hajasemewa. Kasoro ikitoka mdomoni mwa muuzaji, mnunuzi hukaa chini mkaongea. Ikifichuliwa na tochi ya mkaguzi, mnunuzi huanza kujiuliza amefichwa nini kingine.

Yupo bwana mmoja aliyekuwa ametundika picha ya harusi yake usawa wa goti. Mama Ngazi aliisifu sana. Alisema bibi harusi amependeza, ila akashangaa mbona maharusi wamewekwa chini kana kwamba wageni wote wa nyumba hiyo wanatambaa. Hakuigusa. Akaenda zake kwenye ngazi. Haukupita muda, bwana akatoka barazani, mikono kiunoni, akaita: "Mama, hebu shuka. Kuna ufa hapa nyuma ya mke wangu." Ufa ulitengenezwa, nyumba ikauzwa, na nasikia maharusi siku hizi wanawatazama wageni machoni.

Kazi hii ina gharama zake kwa marafiki. Ukimkaribisha kwako, atagonga kuta kwa vidole huku akiwasalimia watoto. Akienda msalani atavuta maji mara mbili, kisha atarudi mezani na habari za bomba lako ambazo hukumwuliza. Siku ya kwanza alipokuja kwetu, mke wangu alinivuta jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeiuza nyumba bila kumwambia.

Mimi ni mwanafunzi wake, jambo ambalo halimwongezei sifa. Alinifundisha kunusa makabati na kuvua viatu ili nyayo zihisi sakafu yenye ubaridi usio wa kawaida. Kitu kimoja kilinishinda: kwenda juu. Nikifika kipandio cha tatu, hukumbuka ghafla kitu nilichokisahau chini. Miaka yote nimekuwa nikikagua paa kwa darubini, nimesimama kwenye majani, na Mama Ngazi akiwaeleza wateja kwamba huo ni utaalamu wa kisasa.

Nimeombwa niandike mafanikio yake. Yapo ya kutosha, na mkurugenzi atayasoma. Mimi nitaeleza la mwezi wa nne mwaka huu, kwa sababu nilikuwepo, na sehemu kubwa nilikuwa hewani.

Mama Ngazi aliamua kuuza nyumba yake ili akaishi na dada yake mkubwa, mjane kama yeye, katika mji mwingine. Walikuwa wamekwisha kupatana: fedha za nyumba zitajenga chumba cha Mama Ngazi ubavuni mwa nyumba ya dada, chenye dirisha linalotazama jikoni, ili waweze kubishana bila mmoja wao kusimama. Msingi ulikuwa umechimbwa. Mnunuzi alipatikana humuhumu ofisini: dada yetu wa mapokezi na mumewe, waliokuwa wamepata mapacha na kuchoka na nyumba za kupanga. Kanuni ya kampuni inataka nyumba ya mfanyakazi ikaguliwe na mwenzake. Mwenzake nikawa mimi.

Alinipokea mlangoni, wanunuzi wakiwa tayari wameketi sebuleni, akasema: "Mdogo wangu, usinionee haya. Wewe gonga tu."

Nikamwuliza swali lake mwenyewe: nyumba hii inakusumbua wapi? Akajibu bila kusita kwamba haimsumbui popote. Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Nikagonga. Sebule nzima, jiko zima, bafu halina neno. Chumba cha nyuma, ambacho tayari kilikuwa kimepangiwa mapacha, kilikuwa na kabati la nguo la marehemu mumewe, zito kama lori, ambalo halikuwa limesogezwa tangu azikwe. Nikalisukuma kwa bega, nikapenyeza mkono nyuma yake. Plasta ikanijia kiganjani kama unga uliomwagikiwa maji. Bomba la bafuni lilikuwa likivuja ndani ya ukuta, na si tangu jana. Mwanamke aliyefungua makabati ya mji mzima alikuwa ameshindwa kulisogeza moja. Kama hakujua, au hakutaka kujua, sijamwuliza na sitamwuliza.

Kutoka sebuleni nilisikia dada wa mapokezi akicheka, na mumewe akipanga vitanda kwa mdomo: kimoja hapa, kimoja kule, pazia la njano. Nikafikiria vifua vya watoto wale kwenye ukungu ule. Nikafikiria msingi uliochimbwa kwa dada mtu. Basi nikafanya kitu pekee nilichofundishwa kwa hali kama hiyo. Nilitoka nje nikachukua ngazi.

Nilipanda nimefumba macho, nikaukumbatia mfereji wa paa kama ndugu aliyerudi kutoka ughaibuni. Nikakaa. Nilikagua kila kigae, maana ndiyo kitu pekee nilichoweza kukitazama bila kuiona ardhi. Mbwa wa jirani alikuja kunishangaa.

Ndani, nilivyosimuliwa baadaye, chai ilikuwa ikimiminwa. Mtu akauliza nimekwenda wapi. Mama Ngazi akageuka dirishani, akaona viatu vyangu vikining'inia mahali ambapo viatu vyangu havijawahi kufika. Akaweka birika chini. Akapita chumba kwa chumba hadi cha nyuma, akaona alama sakafuni pale kabati lilipokuwa limesimama, akapenyeza mkono wake mwenyewe.

Halafu nikasikia ngazi imeshikwa kwa chini.

"Shuka, mdogo wangu, utaanguka bure," alisema. "Nimeshawaonyesha."

Alikuwa amewachukua wote wawili, akawashikisha ukuta kwa viganja vyao, akawaambia: "Nyumba hii inanisumbua hapa."

Mume wa dada wa mapokezi akapangusa kiganja kwenye suruali. Waliondoka chai ikiwa nusu. Wiki zilizofuata dada yetu alitusalimia huku ameinamia simu, na kule kwa dada mtu msingi ukakusanya maji ya mvua. Wengine wetu tulimshauri Mama Ngazi azibe, apige rangi, atafute mteja asiyetoka ofisini. Akatujibu kwamba kazi ya kupaka rangi aliiacha zamani.

Alimwita fundi bomba. Ukuta ukabomolewa, bomba likabadilishwa, na akakataa katakata kuuziba. Aliuacha na shimo wazi, anayetaka kuona aone. Mwezi uliopita wale wawili wakarudi. Dada wa mapokezi, pacha mmoja mgongoni, aliingiza tochi na kichwa ndani ya shimo, akakaa humo kitambo. Alipotoka alisema ameonyeshwa nyumba nyingi zinazotabasamu, lakini hii ndiyo pekee anayoijua hadi tumboni mwake. Wakapatana. Bei ilishuka, na chumba cha kule kwa dada mtu kitakuwa kidogo, bila kibaraza. Dirisha la kutazama jikoni limebaki. Hilo halikuwekwa kwenye mazungumzo.

Kabati la marehemu linasafiri naye. Tulilibeba wanaume wa ofisi nzima, mimi nikielekeza, kama kawaida yangu, nikiwa mahali salama. Ngazi inabaki kwetu. Amenikabidhi mimi mbele ya wafanyakazi wote, na kicheko kilichofuata nimeamua kukihesabu kuwa ni makofi.

Mama Ngazi, asante kwa nyumba ulizotufundisha kuzisikiliza, na kwa wenye nyumba uliowasubiri. Tunakutakia siku njema katika kuta kavu, chini ya paa zima, na dada mwenye subira ukianza kugonga kuta zake. Sasa shuka polepole. Tupo chini, tumeishika ngazi.